Mshipa wa Baba

Mtoto wa dada yangu anajiandaa kwa mtihani wa anatomia. Juzi, mdomo umejaa bukari, akaniuliza: "Mjomba, ni kweli mshipa wa fahamu wa babu ulikuwa umepotea njia?" Nani kamwambia? Mama, bila shaka.

Ndiyo, ni habari ya ule mguu. Baba alikuwa fundi umeme Kamalondo, Lubumbashi, vyombo vyake vyote vimening'inia kwenye mkanda. Paja la kushoto, upande wa nje, likaanza kumuwaka. Hata shuka ikimgusa anaruka. Wakampiga picha ya mgongo, wakampa vidonge, jirani akasema ni mkono wa mtu. Mwishowe daktari mmoja akatuambia ni mshipa unaopita chini ya kano la kinena, nao unabanwa na mkanda. Kazi yake ni kuhisi tu, ndiyo maana mguu haukupungukiwa na nguvu.

Akapapasa mfupa wa nyonga, akapima santimita 2 hivi kuelekea katikati, akashuka kidogo, akachoma dawa ya ganzi. Tukangoja. Akapitisha pamba ya spiriti pajani, aone kama pamekufa ganzi.

"Mzee, unasikia baridi?"

"Naisikia yote, docta."

Dada alitoka akilia pesa yetu. Mimi sikumlaumu yule daktari: alichoma pale ambapo watu wengi wana mshipa huo.

Daktari wa pili alikuwa na mashine ya ekografi, ile inayoonyesha ndani ya mwili kwenye kioo. Akampaka Baba ile jeli, naye akanong'ona kwamba ni baridi kuliko bia. Daktari akatelezesha kile kichwa cha mashine polepole, akapita pale pa kawaida, akarudi, akasimama. Hapakuwa na kitu. Akasogea nje, karibu kabisa na mfupa, na hapo kwenye kioo vikatokea viduara viwili vyeusi vyenye ukingo mweupe, vidogo kama mbegu za lenga-lenga.

"Mzee, wako umegawanyika kabla ya kufika ku kinena. Iko mbili."

"Nani alikuambia mimi niko sawa na wengine?"

Sindano ikaingia, tukaona dawa ikivizunguka viduara vyote viwili. Pamba ikapita tena. Baba akanyamaza, akaitazama pamba, akamwomba daktari arudie.

Akalala vizuri kwa majuma kadhaa. Lakini siku ileile Mama alikuwa ameuficha ule mkanda, na mpaka leo anadai mponyaji ni yeye. Kijana wetu anataka nimwambie nani ana haki. Nimemwambia amalize kwanza kusoma.