Taa ya kucha na jua la Dodoma

Wadada, nilichoka foleni za saluni nikanunua taa ya kukaushia jeli (rangi ya kucha inayoganda kwa mwanga), nijifanyie mwenyewe hapa Nkuhungu. Siku ya kwanza nilipaka rangi nzito kama uji wa uwele. Kuingiza vidole tu, sekunde chache, kucha zikachoma hadi nikachomoa mkono kwa kelele! Kumbe jeli ikiganda hutoa joto, na ikiwa nene joto linapanda kwa mkupuo. Sasa napaka nyembamba mara mbili, kila safari sekunde 60, na dole gumba naliingiza peke yake maana likilala pembeni mwanga haulifikii vizuri.

Halafu kuna hili la kibarazani. Nilikaa nje na chupa wazi, na jua letu mnalijua. Lina miale ya UV (urujuanimno) kama ile ya taa inayogandisha jeli, basi brashi ikagandia na rangi yangu mpya ikaishia hapo. Siku hizi nafunga pazia.

Jeli ikigusa ngozi naifuta kabla ya kuwasha taa. Mdogo wangu alipuuza, akawashwa vidole wiki nzima. Mikono naipaka losheni ya kuzuia jua, kwa ajili ya miale hiyo ya taa.

Juzi umeme ukakatika nikiwa nimemaliza mkono mmoja. Nimeenda sokoni Majengo hivyo hivyo, kulia nyekundu, kushoto patupu 😂