Ufunguo wa Ghala la Karafuu

Mwezi wa Disemba 2017, msimu wa karafuu ukiwa umepamba moto Pemba, baba aliugua na ikabidi mama amsindikize Unguja, Hospitali ya Mnazi Mmoja. Nilibaki nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Wete, pamoja na wadogo zangu na karafuu zilizokuwa zimeanikwa uwanjani. Nilikuwa na umri wa miaka 16. Kabla ya kuondoka, baba alinikabidhi ufunguo wa ghala na daftari la wachumaji, lenye hesabu ya pishi (vipimo vya karafuu) walizochuma, akasema mbele ya ami yangu kwamba siku ya kupeleka mzigo kwenye kituo cha ununuzi wa karafuu nitaamua mimi, ila fedha zisilale ndani ya nyumba na nisiende kuuza bila ya kufuatana na jirani yetu, mtu mzima tuliyemwamini.

Ami hakuridhika. Alikuja asubuhi moja, nikamwamkia, naye akaniambia kwa upole: "Mwanangu, wewe bado mtoto. Nipe daftari, tuzipeleke leo, watu wanadai malipo ya pishi zao."

Kisheria hakukosea, kwani Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18. Lakini nilikuwa nimekwisha kubaleghe, sala na saumu zikinilazimu kama zilivyomlazimu yeye, na sikuona kwa nini anayebebeshwa faradhi asiaminiwe pishi za karafuu. Nyumba nyingi za kwetu humtwika kijana kazi za mtu mzima, achambue makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, hadi usiku na alee wadogo zake, kisha linapokuja suala la kuamua huambiwa anyamaze. Hilo linaniuma hadi leo.

Niliinama jamvini, nikachukua karafuu moja na kuikunja kwa vidole. Ilipinda, haikuvunjika. Karafuu iliyokauka sawasawa hukatika kwa mlio, na yenye unyevu hushushwa daraja, ilhali kilo ya daraja la kwanza Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar lilikuwa likiinunua kwa shilingi 14,000.

"Ami, naomba radhi," nilimjibu, "hizi bado zinataka jua. Wachumaji nitawaomba subira mimi mwenyewe."

Aliondoka bila kuniitikia. Wachumaji walikubali, baadhi yao kwa kunung'unika, na zilipokauka nikafuatana na jirani hadi kituoni, ambako zilipokelewa kwa daraja la kwanza. Siku hiyo hiyo kila mtu alilipwa haki yake.

Baba aliporejea alilikagua daftari mstari kwa mstari, ami akiwepo. Aliuliza kwa nini mchumaji mmoja alilipwa kabla ya wenzake, nikamweleza kwamba mwanawe alikuwa hospitali, hivyo nikampa kutoka katika fedha za matumizi ya nyumbani na kuzirejesha baada ya mauzo. Baba alisema yeye angelifanya vingine, kisha akatia saini chini ya hesabu yangu bila kubadilisha kitu.