Brisketi yangu ilivyoacha kuwa kandambili

Nakaa Houston, na huku Texas ukisema brisketi (kidari cha ng'ombe kinachookwa taratibu kwa moshi wa kuni) imekushinda watu wanakuangalia kama umeshindwa kuchemsha chai. Mara mbili nimeharibu, kidari kizima cha kilo 5 hivi, kuni za mwaloni, jiko nyuzi 110 za Selsiasi, kila kitu fresh, halafu nyama ikifika kama 70 ndani inagoma, masaa yanaenda haipandi, mi napaniki naongeza moto, mwisho natafuna kandambili.

Kumbe pale nyama inatoka jasho, na lile jasho likikauka linaipoza, ndo maana joto linaganda. Safari hii moto sikuugusa, nikaifunga karatasi ya kahawia ya buchani nikaiacha mpaka 95, kijiti kikawa kinazama kama kwenye parachichi lililoiva. Nikaizungushia taulo, nikaifungia kwenye kulaboksi bila barafu masaa 2. Hapo usiwe na haraka kabisa.

Nyama yenyewe tunaila kama taco, yaani inakunjwa ndani ya tortila, vile vichapati vyembamba vya Mexico. Tortila zangu za mahindi nazo zilikuwa zinapasuka, dawa ni kikaango kikavu cha moto, sekunde 30 kila upande, unazifunika kitambaa kama chapati. Juu kitunguu, kotmiri, ndimu basi. Wife kala taco 4 kabla sijakaa.