Mama, wewe ndo lady

Jumamosi usiku. Nimechoka ila sitaki kulala kabla sijaandika hili.

Leo nimeshinda kwa mama. Nilifika saa kumi na moja alfajiri, nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu bila hata kuinua kichwa, maana mikono yote miwili ilikuwa ndani ya beseni anakanda unga wa maandazi. Maandazi hayo ndo yametusomesha. Anabonyeza kwa viganja, anakunja, anageuza, anabonyeza tena mpaka unga unaacha kunata kwenye vidole, iliki inanukia jiko zima, halafu anaufunika na kitambaa uumuke.

Nikamwambia, mama, unajua lile neno lady la Kiingereza zamani maana yake ilikuwa anayekanda mkate? Akasimamisha mikono akaniangalia kama namtania. Sikuwa namtania. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita Waingereza walisema “hlæfdige”. Hiyo “hlaf” ni mkate, ndo leo imebaki loaf, mkate mzima kabla haujakatwa slesi, na “dige” ni mkandaji, mzizi mmoja na dough, unga uliokandwa. Na lord, yani bwana mkubwa, nae alikuwa “hlafweard”, mlinzi wa mkate. Watu wakayatamka harakaharaka karne kwa karne, yakasagika weee mpaka mkate wenyewe hausikiki tena. Yani mshereheshaji akishika maiki akaita ladies, anawaita wakandaji wa mkate na hana habari. Hii inanigusa sana jamani, maana tumezoeshwa kwamba lady ni mtu wa glavu nyeupe asiyesogelea jiko, kumbe ndani ya neno lenyewe kuna mwanamke ana unga mpaka kwenye viwiko. Hata dairy, lile linaloandikwa kwenye pakiti za maziwa, asili yake ni mtumishi wa kike, nae mkandaji vilevile.

Mama akarudi kukanda, kimya, halafu akauliza, “Haya, mmoja anakanda, mmoja analinda. Na yule anayekula tu?”

Nilishtuka kwa sababu jibu lipo! Aliitwa “hlafæta”, mla mkate. Limo kwenye sheria za Æthelberht, mfalme wa Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, karibu mwaka 600, na hizo ndo sheria za kale kuliko zote tulizo nazo kwa Kiingereza. Mla mkate ni mtu anayeishi chini ya nyumba ya mwingine na kula kwake, na sheria inasema ukimuua mla mkate wa mtu huru wa kawaida, fidia ni shilingi 6. Ndio, shilingi, neno letu hili hili tulilichukua kwao. Mama akasema, “Kwa hiyo aliyekula kwako ni mtu wako, anahesabiwa.”

Hapo ndo nikamfikiria kaka, alikuwa bado kalala chumba cha nyuma. Toka mwezi wa tatu yupo kwa mama. Kampuni aliyoitumikia miaka tisa ilimwita Ijumaa mchana, akapewa barua, akaambiwa aache kitambulisho getini, basi. Na kampuni ni neno gani sasa? Sisi tumelitoa kwa Waingereza, company, wao wakalipata kwa Kifaransa kilichoingia kwao na watu wa Normandy walioiteka Uingereza mwaka 1066, na ukifuata nyuma kabisa unafika kwenye Kilatini, “com” ni pamoja, “panis” ni mkate. Watu mnaokula mkate mmoja! Miaka tisa mnakula mkate mmoja halafu mtu anaagwa na mlinzi wa getini, mi hilo sitalizoea.

Na sisi wala hatukumsubiri Mlatini atufundishe. Mtu akifukuzwa kazi tunasema kamwaga unga, mambo yakiharibika kitumbua kimeingia mchanga. Ila huo wa kumwaga unga kwa kaka yangu naukataa kabisa. Hakumwaga yeye, alimwagiwa.

Saa kumi na mbili akatoka, macho mekundu, akamwamkia mama, akavuta kigoda. Unga ulikuwa umeumuka. Hakuna aliyemwambia kitu, akanawa mikono, akachukua kisu akaanza kukata madonge, mengine makubwa mengine madogo, mama anayaona na hamsahihishi. Mafuta yalipochemka mama akatumbukiza, akageuza, akaliopoa la kwanza, akalipuliza mpaka likapoa kidogo, akamwekea kaka mkononi.

Halafu akaanza kuhesabu ya kuuza, na hilo hakulihesabu.