Chungu cha Elfu Tano

Tulipovunja kikoba mwezi wa sita, mweka hazina alikuwa bado analamba kidole na kuhesabu noti aliposema, "Jamani, mimi nimechoka kusafiri kwa misiba tu." Tulicheka, halafu tukanyamaza. Kila mmoja alijaribu kukumbuka ni lini alilala nje ya Mbeya pasipo maiti, mgonjwa au mtoto wa kupeleka bweni. Hakuna aliyekumbuka. Hapo hapo kila mwenye nia akarudisha mezani laki moja, na tukawa sita: mwenyekiti, ambaye ana Noah na anaiendesha kuliko mume wake, mweka hazina, mwalimu wa shule ya msingi, nesi mstaafu ambaye sote tunamwita Shangazi, muuza mchele, na mimi, fundi cherehani mwenye meza moja pale Mwanjelwa.

Mwalimu ndiye aliyetaja Matema, kule Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Alitaka kuona Wakisi, watu wa ukingo wa ziwa hilo, wanavyofinyanga vyungu, kazi ambayo kwao ni ya wanawake, mama anamrithisha binti. Mume wangu alipoambiwa aliuliza, "Kwani vyungu si vipo Mwanjelwa?" Vipo, nikamwambia. Hata sare za shule zipo, lakini wewe ulishawahi kuniona nikizishona?

Tuliondoka Ijumaa asubuhi, Sabasaba ikiwa Jumatatu. Julai ya Mbeya mnaijua: masweta, soksi mbili mbili, Shangazi na kofia ya sufu iliyofika kwenye nyusi. Kutoka Uyole ukungu ulikuwa umelala barabarani. Tukuyu tukapokewa na manyunyu yale yasiyoisha, migomba na chai vikimeta pande zote, tukanunua ndizi za kuchoma na kuendelea. Mbeya mjini pako mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko chini ya 500, kwa hiyo unaposhuka bonde la Kyela masikio yanaziba na nguo zinavuliwa moja moja. Tulipofika Ipinda tulikuwa tumebaki na vitenge na fulana. Kofia ya Shangazi ilikuwa imegeuka kipepeo cha kujipungia upepo.

Huku mimea yote inabadilika: michikichi, kakao, mpunga. Muuza mchele alisimamisha gari mara mbili ili ang'ate punje za watu. Alituhakikishia kwamba si kila mchele unaoitwa wa Kyela umewahi kuiona Kyela, akagoma kusema wa kwake uko upande gani.

Matema, nyumba ya wageni tuliyoipigia simu wiki nzima kabla ilikuwa imeandika vyumba vyetu vitatu. Kijana wa mapokezi akatuangalia, akaangalia nyuma yetu, akaliangalia gari. "Mnawasubiri wazee wafike ndiyo mlipe?" Mweka hazina akafungua pochi. "Mzee ni mimi," akasema. Tulilipa, lakini ufunguo wa chumba cha tatu haukuonekana hadi usiku, na vyandarua vilikuwa na matundu ya kupitisha popo. Nilitoa sindano na uzi nikaviziba vyote vitatu. Mtu akizaliwa fundi hana likizo.

Soko la Lyulilo ni la Jumamosi, mwendo mfupi tu kutoka Matema kwa kufuata ufukwe. Nilitegemea mabanda, kumbe soko lenyewe ni mchanga. Mitumbwi inaingia kutoka ng'ambo ya rasi, ndani yake vyungu vimepangwa na kutenganishwa kwa nyasi kama mayai, na wanawake wanavishusha mmoja mmoja, maji yakiwafika magotini. Nyuma yao Milima ya Livingstone imesimama wima, kama ukuta unaoanzia majini. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu hawa walishika udongo: ardhi ya kulima ni ule ukanda mwembamba kati ya mlima na maji, basi. Zamani, mama mmoja alituambia, vyungu vilikuwa vikibadilishwa na chakula cha Wanyakyusa wa bondeni. Siku hizi ni noti na simu ya kupokelea pesa.

Vyungu vya Wakisi ni vyembamba. Ukikiinua kimoja mkono unapanda haraka kuliko ulivyopanga, kwa sababu ulijiandaa kwa uzito ambao haupo. Rangi yake ni nyekundu ya kahawia, vingine vina michirizi myeupe mabegani. Wanunuzi wazoefu hawaviangalii sana, wanavigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kizima kinalia kama kengele ndogo. Chenye ufa kinajibu kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mwalimu aligonga vyungu vya soko zima hadi mama mmoja akamuuliza kama anatafuta mlango.

Mimi nilitua mbele ya mama wa makamo, khanga imefungwa kifuani, udongo umekauka kwenye kucha. Alikuwa na chungu cha kupikia maharage, cha ukubwa wa kichwa cha mtoto wa miaka sita.

"Elfu saba, dada."

"Nne, mama."

"Hee! Nne si hata nauli ya mtumbwi."

Nikajifanya naondoka. Akajifanya haoni. Nikarudi. Akashuka hadi sita, nikapanda hadi nne na nusu, tukakutana elfu tano. Niliondoka pale kifua mbele. Watu wananipunguzia mimi bei kila siku ya Mungu, "fundi, mshono huu tu elfu kumi na mbili?", na leo nimekuwa mteja.

Jumapili ilikuwa kanisa asubuhi na ziwa mchana. Nitasema jambo moja tu la siku hiyo. Shangazi, ambaye amezalisha nusu ya mtaa wetu, aliingia majini na khanga yake, akakaa kitako mahali maji yanapofika shingoni, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda wa ibada nzima. Tulipomuuliza kama yuko salama alisema, "Msiniite. Hapa hakuna anayeniita." Jioni tulikula mbasa, samaki wa ziwa, wa kukaanga na wali, na mazungumzo yaliyofuata si ya kuandika.

Jumatatu alfajiri mwenye mtumbwi alitutaka ufukweni kabla jua halijatoka, maana upepo ukishaamka, alisema, ziwa halina utani. Tulikwenda Ikombe, ng'ambo ya rasi, kijiji kinachofinyanga. Mweka hazina alishika kingo za mtumbwi kwa mikono miwili na kuimba nyimbo za kwaya njia nzima, ubeti ule ule.

Tulipoteremka, mtoto akatupeleka kwenye ua wa kwanza wenye moshi. Mama aliyekuwa ameketi chini pale aliinua kichwa, akanitazama, akacheka mpaka akaweka udongo chini.

"Elfu tano! Umenifuata mpaka nyumbani?"

Alikuwa yeye. Aliagiza tuletewe mikeka, akaendelea na kazi yake kama tulikuwa majirani. Udongo ulikuwa umeshatwangwa, ukaloweshwa na kukandwa, vijiwe vikatolewa kimoja kimoja. Akaweka bonge juu ya kigae cha chungu kilichovunjika, na hapo ndipo nilipoacha kusikia wenzangu wanasema nini. Mkono wa kushoto ulizungusha kigae, taratibu, bila kusimama. Wa kulia ulikuwa ndani, vidole vinausukuma udongo juu na nje, na ukuta ukapanda. Hakuna gurudumu wala kipimo. Nje alikwangua kwa gunzi la mahindi, kisha kwa kipande cha kibuyu, kisha mdomo akaulainisha kwa kitambaa kibichi. Muda wote uliotumika, nilipiga hesabu, ni ule wa sketi moja ya sare, marinda na zipu.

Lakini sketi ikitoka cherehani imekwisha. Chungu hapo ndiyo kwanza kinaanza. Kinakaa kivulini siku kadhaa, maana jua likikiwahi kinapasuka. Halafu kinapakwa udongo mwekundu na kusuguliwa kwa jiwe laini la ziwani hadi king'ae. La kwake alirithi kwa mama yake, na upande mmoja limechimbika umbo la kidole gumba. Mwisho vinapangwa vingi pamoja, vinafunikwa kuni na nyasi, vinawashwa. Hakuna tanuri. Moto ukikosea, kazi ya wiki inageuka vigae vya kuzungushia vyungu vingine.

Alinipa bonge nijaribu. Mikono hii inakata kitambaa bila chaki, lakini chungu changu kilikaa kama kofia iliyokaliwa. Watoto walikichukua wakakimbia nacho kuwaonyesha majirani.

Nilijisikia vibaya juu ya ile bei. Nilipoaga nikatoa elfu mbili, nikamwambia mama, hizi ni zile ulizonipunguzia. Akazitazama.

"Mwanangu, chungu kile wa Ipinda nawauzia elfu nne. Nyie mlishuka na gari."

Mwenyekiti alilazimika kukaa chini kwa kicheko. Mimi nilikosa la kusema, kwa sababu naijua hesabu hiyo vizuri. Mteja akija meza yangu kwa miguu ana bei yake, akishuka kwenye gari lenye kiyoyozi ana yake. Elfu mbili alizipokea vile vile, akazifunga kwenye pindo la khanga, akanifundisha namna ya kukianzisha chungu: kiloweke usiku mzima, kwanza pikia uji, vitundu vya udongo vizibe, ndipo uweke maharage, na moto uanze mdogo.

Kurudi tulipakatana. Mweka hazina alibana mtungi wake katikati ya magoti kutoka Matema hadi Uyole na akakataa kushuka Tukuyu hata kwa chai. Chungu cha mwalimu, yeye aliyegonga soko zima, kilipasuka kwenye tuta moja kabla ya Kiwira.

Maharage ya kwanza niliyapika Alhamisi, kwa mkaa, kwa muda wa saa tatu na nusu. Harufu ikaruka ukuta. Jirani akaja na bakuli, akala amesimama, akakizunguka chungu, akakigonga kwa kidole.

"Hiki ulinunua bei gani?"

Nikafunika maharage yangu.

"Elfu kumi," nikasema. "Na hapo nililia sana."