Mistari Saba ya Chaki

Fundi alichutama nyuma ya pikipiki yangu, akatoa kipande cha chaki mfukoni, akachora mstari kwenye tairi la nyuma kutoka bega moja hadi la pili. Akalizungusha tairi kidogo, akachora mwingine. Alipofika wa saba akainuka, akapangusa mikono kwenye ovaroli.

"Nenda huko unakokwenda, mwanangu. Endesha kama unavyoendesha siku zote. Ukirudi niletee hili tairi nilisome."

Ilikuwa Alhamisi jioni, tarehe 6 Agosti 2015, Gerezani, Dar es Salaam. Jumatatu iliyofuata nilitakiwa kupeleka malipo ya kwanza ya pikipiki ya mbio, Yamaha R1 mpya ya mwaka ule ule, rangi ya bluu, iliyokuwa imesimama kwenye duka moja mjini. Aliyeiagiza mwanzo alikwama fedha, ikabaki bila mwenyewe. Nilikuwa nimekwenda kuitazama mara tano. Mara ya tano mlinzi alinifungulia geti bila kuniuliza shida yangu.

R1 nilianza kuitamani mwaka 1998, ilipotoka kwa mara ya kwanza. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari Tanga, na rafiki yangu alikuwa na gazeti la kigeni lenye picha yake. Tuliligombania mpaka jalada likachanika. Miaka 17 baadaye nilikuwa mpima ardhi, nimetunza fedha za kazi za vijijini kwa miaka sita. Novemba 2014 Yamaha walipoionyesha R1 mpya kule Milan, bingwa wa mbio za pikipiki Valentino Rossi mwenyewe akaiingiza jukwaani, nilijua kwamba fedha zile zimepata jina.

Nisieleweke vibaya, pikipiki ile ni kazi ya watu wenye akili. Injini ya cc 998, nguvu za farasi 200 kwenye mizunguko 13,500 kwa dakika, na ikiwa imejazwa mafuta na kila kitu ina uzito wa kilo 199. Fimbo za pistoni ni za titani. Rimu ni za magnesi. Ndani yake mna kifaa kinachopima namna pikipiki inavyolala, inavyoinama na inavyogeuka, na kufanya hesabu hizo mara 125 kila sekunde, ili kompyuta ijue tairi la nyuma lipewe nguvu kiasi gani bila kuteleza. Na mlio wake! Silinda nne hazipigi kwa kupokezana sawasawa kama injini nyingi za aina hiyo. Mapigo yanaachana kwa vipimo tofauti, na mtu akipita nayo unausikia mngurumo mzito wenye kigugumizi cha makusudi. Wanaoujua mlio huo hawahitaji kugeuka kutazama.

Mtu ukisema unataka kununua kitu kama hicho, unategemea watu watakuzuia. Mimi nilimtegemea mke wangu. Ni muuguzi, na wakati ule alikuwa na miaka minne kwenye wodi ya mifupa. Nilijiandaa kwa hoja zote. Nikamweleza usiku, watoto wamelala, nikamwonyesha na picha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wale ninaowapokea kila siku, wengi pikipiki zao ni za cc 125 na 150," akasema. "Si ukubwa wa injini unaowaleta kwangu. Nunua, mume wangu. Ila siku hiyo hiyo ununue na koti, glavu na buti. Helmeti nitaichagua mimi."

Nilikaa kimya muda mrefu kuliko yeye. Kizuizi nilichokitegemea kilikuwa kimeondoka, na fedha zilikuwepo. Muuzaji alitaka shilingi milioni 48, na alinihimiza nisichelewe kwa sababu dola iliyoanza mwaka ikiwa 1,700 na ushei ilikuwa imevuka 2,000. Sikuwa tena na wa kumsingizia. Uamuzi ulikuwa wangu peke yangu, na hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi.

Ndiyo maana nilikwenda kwa fundi. Yule mzee alikuwa akinitengenezea Honda CB400 yangu tangu nilipoinunua. Ilikuwa ya mwaka 1999, imekuja kutoka Japani ikiwa imetumika, cc 399, nguvu za farasi 53. Nilimwamkia, nikamweleza habari ya R1 yote. Nilidhani ataniuliza bei. Akaniuliza: "Tairi ulilonalo, umewahi kulimaliza?"

Nikamjibu kwamba nimeshabadilisha matairi mawili.

"Sikuulizi kulichakaza. Nakuuliza kulimaliza."

Na hapo ndipo ilipotoka chaki.

Ijumaa alfajiri niliondoka Dar kwenda kwa mama, Lushoto. Kimara hadi Kibaha ilikuwa foleni tupu, maana Jumamosi ni Nanenane na nusu ya mji ilikuwa inakwenda Morogoro. Kutoka Mlandizi barabara inanyooka. Kijiji, matuta, kibao cha 50, trafiki na tochi yake chini ya mwembe. Kijiji kikiisha, unaongeza mwendo dakika chache, kijiji kingine. Nilishaipita njia hiyo mara nyingi, lakini siku hiyo nilikuwa naihesabia. Kila nilipopanda tuta nilikumbuka kwamba tumbo la R1 liko milimita 130 tu kutoka ardhini. Kila nilipotembea kwa 50 nilikumbuka kwamba gia yake ya kwanza peke yake inavuka 140.

Chalinze nikakata kulia kuelekea Segera. Wakati ule daraja la Wami lilikuwa bado lile la zamani, jembamba, linalopitisha gari moja kwa zamu, na pande zote mbili kuna mteremko mkali. Nilisubiri nyuma ya semi-trela mpaka zamu yetu ilipofika, tukavuka, likaanza kupanda mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nilipoona mbele kweupe nikashusha gia ya pili, nikafungua mafuta yote.

Honda ile ina valvu nne kila silinda, lakini mizunguko ikiwa chini inatumia mbili. Mshale ukivuka 6,750, mbili nyingine nazo zinaamka. Unasikia sauti inabadilika ghafla, inakuwa kali na nyembamba, na pikipiki inavuta kama imesukumwa mgongoni. Niliipeleka mpaka 11,000, mkono umefika mwisho, nikalipita lile semi-trela, nikarudi upande wangu nikiwa napiga kelele ndani ya helmeti. Sina namna nyingine ya kuieleza furaha ile. Injini yote ilikuwa imetumika, kila kilichowekwa ndani yake na watu wa Honda kilikuwa kimefanya kazi yake, na mwendo wangu ulikuwa bado chini ya kilomita 100 kwa saa.

Nilisimama Segera kunywa chai na kuitazama chaki. Mistari yote saba ilikuwa imefutika katikati. Pembeni, kushoto na kulia, ilikuwa mipya kama ilivyochorwa Gerezani. Sikushangaa sana, njia ilikuwa imenyooka, na bega la tairi hugusa lami pale tu pikipiki inapolala kwenye kona. Nikajiambia tusubiri Mombo.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za kupanda milima ya Usambara, na karibu zote ni kona. Nimekulia kwenye njia hiyo. Nikiwa mtoto niliipanda nikiwa nimekaa juu ya magunia, nazijua kona zake kuliko ninavyoijua mistari ya mkono wangu. Kama kuna barabara Tanzania ambayo pikipiki ya mbio ingeifaa, nilisema, ni hii. Niliipanda kwa bidii, bila ujinga lakini bila kujivunga. Nililaza Honda kadiri nilivyoweza. Kwenye kona mbili kulikuwa na mchanga ulioteremshwa na maji, kwenye nyingine Coaster ilinijia katikati ya barabara, na karibu na Soni nilikuta lori la kabichi limesimama, jiwe chini ya tairi, dereva yuko chini ya injini.

Kwa mama nilifika baridi imeanza kushuka. Kabla hata ya kuvua koti nililala chini kwenye nyasi na rula ya kazini.

"Unatafuta msumari?" mama akauliza akiwa mlangoni.

"Natafuta chaki, mama."

Akanitazama, akarudi ndani kunitengea chai. Chaki ilikuwepo. Kila bega la tairi lilikuwa limebaki na sentimita mbili zisizoguswa.

Usiku huo nilikaa jikoni kwa mama na daftari. Kazi yangu ni kupima, na kona ni kitu ninachokijua kwa namba. Nilichukua kona moja kabla ya Soni ambayo nusu kipenyo chake, kwa makadirio ya macho yangu, ni mita 50. Nilikuwa nimeikata kwa 60. Kwa mwendo huo pikipiki inalala nyuzi kama 30. R1 na matairi yake imetengenezwa kulala nyuzi 50 na zaidi. Ili nilale nyuzi 50 pale, ningetakiwa kuipita kona ile kwa kilomita 87 kwa saa, nisijue kama upande wa pili kuna lori la kabichi au mtoto anapeleka mbuzi. Nilirudia hesabu mara mbili. Kisha nikafanya kona nyingine, kali zaidi, na nyingine tena.

Mama alikuwa anasuka ukili upande wa pili wa moto. Akaniuliza kama ni shamba la mtu ninapima.

Nilipofika hapo ndipo nilipoelewa swali la fundi, na niliona uchungu wa kweli. Ningeweza kuimiliki R1. Ningeweza kuipanda kila Jumapili asubuhi hadi Bagamoyo, watu wakageuka, nami nikafurahi. Lakini ile hesabu ya mara 125 kila sekunde ingekuwa inaniletea jibu lile lile mwaka mzima: hakuna kinachotokea hapa. Ile mizunguko 13,500, ambako Wajapani wale walikesha, nisingefika nayo kwenye gia ya pili bila kuhatarisha mtu asiyenihusu. Uwanja wa mbio wa lami wa karibu niliokuwa naujua ulikuwa Afrika Kusini. Nilikuwa nataka kukinunua kitu nikipendacho kuliko vyote ili kiishi maisha yake kikiwa kimesinzia.

Hilo lilikuwa limenigusa mahali ambapo hofu ya kufa haijawahi kufika.

Nilirudi Dar Jumapili. Jumatatu asubuhi nilikuwa Gerezani kabla hata duka la spea jirani halijafunguliwa. Fundi alivaa miwani, akachutama, akapima chaki iliyobaki kwa vidole. Aliangalia upande wa kushoto, akaangalia wa kulia.

"Umepanda Lushoto," akasema. "Na umepanda vizuri, hujaibembeleza. Barabara zetu zinakula katikati tu."

"Kwa hiyo nisinunue?"

"Sijasema hivyo. Mashine ile haina kosa. Mimi mwenyewe ningekuwa kijana ningelala nayo chumbani." Akatoa kitambaa, akaanza kufuta chaki taratibu, mstari kwa mstari. "Umeniletea tairi, nimelisoma. Fedha ni zako."

Nilikwenda dukani. Niliona si haki kumpigia simu tu kijana aliyenivumilia mara tano. Nilipomwambia, hakukasirika, aliniuliza kama ni bei, kwamba wanaweza kuzungumza. Nikamwambia bei ni halali. Nikamwomba kitu kimoja, aniwashie. Akaitoa nje kwenye kivuli. Nilipanda, kiti cha milimita 855 kikaniacha nikigusa chini kwa vidole vya miguu, nikakaa nikiisikiliza inavyopumua kati ya magoti yangu mpaka feni ikaanza kuzunguka. Joto likapanda mapajani. Nikaizima mwenyewe, nikamrudishia ufunguo.

Wiki ile Honda ilipata matairi mapya, yenye mpira laini zaidi, mnyororo mpya, na kabureta zake nne zikasafishwa. Koti, glavu na buti nilinunua vilevile, na helmeti aliichagua mke wangu kama alivyosema. Fedha iliyobaki, nyingi sana, ilikaa benki miezi kadhaa bila mimi kujua niifanyie nini.

Novemba, usiku, nilikuwa nimesimama kwenye taa za daraja la Selander nikielekea mjini. Niliusikia mlio kabla sijaiona, ule wenye kigugumizi, unakuja nyuma yangu ukishuka gia moja baada ya nyingine. Ilikuwa ile ile ya bluu. Ikaja ikasimama ubavuni mwangu, mwenyewe akiwa mrefu kuliko mimi, mguu mmoja umekanyaga lami vizuri. Nikaitazama R1 yote, toka taa mpaka ekzosi. Yeye naye akainama kuitazama Honda yangu, akanionyesha dole gumba. Nikamrudishia. Taa ikawaka kijani, akatangulia, nami nikazima injini pale pale pembeni ya daraja niusikilize mpaka uishe.