Makumbusho yanakufa pale watu wanapokosa chao ndani

Hivi umeshaingia makumbusho ambayo nusu ya taa haziwaki, maandishi yamepauka na wewe ndo mgeni pekee toka asubuhi? Ukiuliza utaambiwa bajeti. Sikatai, hela ni tatizo kweli, ila mi naona watu huwa wanaondoka kabla hela hazijaisha, na wanaondoka kwasababu hamna chao mle ndani.

Angalia District Six kule Cape Town. Serikali ya makaburu ilitangaza eneo lile kuwa la wazungu 1966, watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa kwa nguvu na nyumba zikavunjwa. Makumbusho yao yakafunguliwa 1994 ndani ya kanisa la zamani la Wamethodisti, na mle kuna ramani kubwa ya mitaa imetandazwa sakafuni, waliokuwa wakazi wanaandika majina yao pale nyumba ilipokuwa. Yani mtu mzima anapiga magoti anatafuta kona ya mtaa wake, huyo huna haja ya kumbembeleza arudi, atarudi na wajukuu.

Washington nako, Smithsonian, ile taasisi kubwa ya makumbusho ya Marekani, walifungua makumbusho kwenye mtaa wa Anacostia 1967 kwenye jengo la sinema ya zamani, mkurugenzi John Kinard, na 1969 wakaweka maonyesho kuhusu panya. Panya kweli kabisa, maana ndo kero ya watu wa mtaa ule!

Sa wengi wakisema wanashirikisha jamii wanamaanisha kuita watu siku ya uzinduzi, picha zinapigwa, kwaheri. Ile siyo kushirikisha. Fungua stoo, leta wazee waliotumia vile vitu. Kibao kinasema "chombo cha mbao, karne ya 20" basi, wakati kuna bibi akikishika tu atakuonyesha upande uliolika, atakwambia kilishikwa na mkono gani, nani alikuwa haruhusiwi kukigusa na kwanini. Hayo maneno yake ndo yaandikwe pale, na jina lake chini kama ameridhia. Mtaalamu bado anahitajika sana, unyevu na wadudu havijui ushirikishwaji, lakini asiwe yeye peke yake anayeamua kipi kina maana.

Hata ICOM, yani Baraza la Kimataifa la Makumbusho, 2022 pale Prague walipopitisha maana mpya ya makumbusho waliingiza ushiriki wa jamii humo humo. Kwahiyo kama kuna kamati wakazi waingie wakiwa na kura, waione na hiyo bajeti yenyewe, na wakisema onyesho fulani linawadhalilisha liondolewe.